Mashindano ya Vinubi kwa Njia ya Intaneti

Wengi wetu tukisikia neno kinubi twamfikiria Mfalme Daudi, kisha basi. Lakini kinubi si chombo cha kale tu, wala si cha Wazungu peke yao. Hapa Uganda tunavyo vinubi vya namna mbalimbali, na viwili ndivyo vijulikanavyo zaidi: adungu ya Waalur wa Nile Magharibi, na ennanga ya Waganda. Siku hizi mtu aweza kukaa Nebbi au Masaka akasikiliza tamasha la vinubi lifanyikalo Scotland, na hata kuingia mashindanoni pasipo kupanda ndege. Wenzangu wa kikundi cha adungu wameniuliza mara nyingi mambo hayo yanakwendaje, na kama yafaa tutoe fedha zetu. Basi nimeona heri niandike mahali pamoja yale niliyoyasoma na kuyajaribu. Nitaeleza pia penye shida, maana shida ipo, na kubwa kuliko zote si ya fedha.

Kwanza neno moja juu ya lugha. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye kwao ni Tanga, aliposikia kwamba kuna mtu apigaye "nanga" alicheka sana, kwa kuwa kwake yeye nanga ni chuma kizito cha kuzuia meli. Kwa Waganda ennanga ni kinubi cha nyuzi nane, na tangu makanisa yajengwe neno hilo hilo hutumika kwa kinanda pia. Ukivuka mpaka ukaingia kwa Wahaya wa Bukoba, enanga yao si kinubi, bali ni ubao ulioandaliwa kama hori, nyuzi zikilala juu yake. Kwa hiyo msomaji, mtu akikuambia habari za nanga, muulize kwanza ametoka wapi.

Kinubi cha Ulaya kinachotumiwa katika mashindano makubwa ni kitu kingine kabisa. Kina nyuzi 47, na chini yake zipo pedali saba, moja kwa kila sauti ya ngazi ya muziki. Kila pedali ina vituo vitatu, na mpigaji akiikanyaga hupandisha au kushusha sauti ya nyuzi zote za jina lile kwa mara moja. Ufundi huo ulikamilishwa na Sébastien Érard mwaka 1810. Uzito wake ni karibu na kilo 40, na bei yake yashinda bei ya gari kuukuu. Vipo pia vinubi vidogo visivyo na pedali, ambavyo vina vigeuzo vidogo vya mkono juu ya kila uzi. Hivyo ndivyo vinavyopigwa sana Scotland, Ireland na Wales.

Desturi ya kukusanya wapiga vinubi na kuwashindanisha ni ya zamani. Mkutano mmoja nataka kuueleza kwa urefu, kwa sababu mambo yaliyotokea pale ndiyo yanayotukabili sisi leo. Ulifanyika mjini Belfast, Ireland, mwezi wa Julai 1792. Wakati ule wapiga kinubi wa Ireland walikuwa wamekwisha pungua mno. Zamani walikaa katika nyumba za watu wakubwa, wakalishwa na kuheshimiwa, lakini wakubwa wale walikuwa wameanguka au wamehama, na wapigaji wakawa watu wa kutembea njiani. Basi mabwana kadhaa wa Belfast walitangaza kwamba kila mpiga kinubi aje, na zawadi zitatolewa. Wakaja Waireland kumi tu, na mmoja wa Wales. Katika wale kumi, sita walikuwa vipofu. Mmoja alikuwa mwanamke, Rose Mooney, naye ni kipofu. Mdogo wao alikuwa kijana wa miaka 15, na mkubwa wao, Denis Hempson, alikuwa na miaka 97.

Zawadi ya kwanza, gini 10 za fedha ya Uingereza, ilikwenda kwa Charles Fanning. Ya pili, gini 8, ilikwenda kwa Arthur O'Neill. Wengine wote walipewa gini 6 kila mtu, hata hakuna aliyerudi kwao mikono mitupu. Nimependa jambo hilo. Si kila mtu alifurahi, lakini. Mwanasiasa Wolfe Tone alihudhuria, na katika shajara yake aliwaona wapigaji saba kuwa wabovu na watatu tu kuwa wazuri.

Lakini aliyenivutia mimi si mshindi. Mabwana wale walimwajiri kijana mpiga kinanda wa kanisa, jina lake Edward Bunting, aketi pale aandike nyimbo zote jinsi zilivyopigwa, asiongeze kitu. Bunting alikuwa na miaka 19. Nami nina miaka 19, na kusema kweli sijui ningefanya nini kama ningepewa kazi ile. Yeye aliifanya maisha yake yote. Baada ya mkutano alisafiri vijijini akitafuta wapigaji, akamfuata na mzee Hempson nyumbani kwake, na akatoa vitabu vitatu, mwaka 1796, 1809 na 1840. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast.

Sasa tazama ilivyokuwa. Hempson peke yake ndiye aliyepiga kwa desturi ya kale, nyuzi za shaba kwa kucha ndefu, sauti ikilia kama kengele ndogo. Wenzake walikuwa wameiacha namna hiyo, wakatumia nyama ya vidole. Bunting alivisikia kwa masikio yake vyote viwili. Lakini alipotoa vitabu, nyimbo zile alizipanga kwa ajili ya kinanda, kwa kuwa wanunuzi walikuwa na vinanda nyumbani, na mahali pengine akabadili hata ngazi ya sauti ili zipigike vizuri. Nyimbo zikaokoka, na sauti ya kucha juu ya shaba ikabaki nje ya kitabu. Hempson akafa mwaka 1807. Wanaotaka leo kupiga kama yeye wanalazimika kurudi kwenye daftari zile za kwanza za Bunting, zilizoandikwa upesi upesi na zisizo nadhifu, kwa maana ndani yake mna habari ambazo kitabu kizuri kilizifuta. Kumbuka habari hii, maana nitairudia nikifika kwenye vipaza sauti vya simu.

Mashindano ya kimataifa ya kinubi ni ya karne iliyofuata ile iliyofuata. Ya kwanza yalianzishwa nchini Israeli mwaka 1959. Mwaka 1989 yakaanzishwa mengine Bloomington, katika jimbo la Indiana, Marekani, yafanyikayo kila miaka mitatu. Huko mshindi hupewa kinubi kikubwa cha pedali kilichopambwa kwa dhahabu. Pia upo mkutano mkuu wa vinubi vya dunia, ambao huhama kutoka nchi hata nchi. Hapo ni kusikilizana na kujifunza zaidi kuliko kushindana. Mkutano huo ulikuwa ufanyike Cardiff, Wales, mwaka 2020.

Sote twajua yaliyotokea mwaka 2020. Hapa kwetu shule zilifungwa mwezi wa Machi, na hazikufunguliwa kabisa mpaka Januari 2022. Mkutano wa Cardiff uliahirishwa hata Julai 2022. Tamasha la vinubi la Edinburgh, lililoanza mwaka 1982, lilifanyika kwa njia ya intaneti mwaka 2021: wapigaji walikaa majumbani mwao, na wasikilizaji vivyo hivyo. Mashindano mengi madogo yakafuata njia hiyo hiyo, na ugonjwa ulipopungua waandalizi wengine hawakurudi nyuma, kwa kuwa waliona kwamba kwa njia hii gharama ni ndogo na washiriki ni wengi.

Haya, yanakwendaje? Nimesoma masharti ya mashindano kadhaa ya namna hii, na yanafanana sana. Mshiriki hujaza karatasi kwenye kompyuta, hulipa ada, hutaja umri ili awekwe katika fungu lake, kisha hupeleka video. Video iwe ya mpigo mmoja tangu mwanzo hata mwisho, isiyokatwa wala kuunganishwa. Mikono na uso vionekane muda wote, ili asijepigiwa na mtu mwingine. Sauti isirekebishwe. Waamuzi huitazama kila mmoja kwa wakati wake, huandika alama, na alama hujumlishwa. Mahali pengine zipo duru mbili, na duru ya pili hupigwa moja kwa moja waamuzi wakitazama.

Faida yake ni dhahiri. Hapana nauli, hapana viza. Tena mtu mwenye hofu aweza kujirekodi mara ishirini akachagua iliyo bora. Wengine husema jambo hilo si haki, ati mashindano ni kupiga mara moja mbele ya watu. Mimi nasema haki ya namna hiyo ni nzuri kwa mwenye nauli. Hata hivyo tusidanganyike kwamba intaneti imewasawazisha watu wote. Mwenye chumba kimya na kipaza sauti kizuri husikika mpigaji bora kuliko alivyo. Sisi tulirekodi katika bwalo lenye paa la mabati, na mvua ilipoanza ilitubidi tungoje hadi magharibi. Kupeleka video ile kulikula data ya kikundi ya mwezi mzima. Tena mnamo Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Ole wake aliyekuwa na tarehe ya mwisho ya kupeleka video wiki ile.

Jambo wanaloliuliza sana wenzangu ni hili: kwa nini tusipige pamoja na kikundi cha nchi nyingine, sisi hapa na wao kule, kwa wakati mmoja? Jibu ni kwamba haiwezekani, na sababu yake si ufukara wetu. Ishara ya intaneti hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Entebbe hata London ni kilomita 6,500 hivi kwa mstari ulionyooka. Ukigawanya utaona kwamba ishara haiwezi kufika kabla ya sehemu 32 za elfu za sekunde. Lakini njia yenyewe haikunyooka: hushuka pwani ya Mombasa, ikaingia baharini, na kila kituo huongeza kuchelewa kwake, na kompyuta za pande mbili nazo huongeza kwa kuigeuza sauti kuwa tarakimu na kuirudisha. Kwa kawaida kuchelewa hupita sehemu 100 za elfu. Katika mazungumzo hutaliona jambo hilo. Lakini sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni kama kupiga pamoja na mtu aliyesimama mita 34 mbali nawe, yaani zaidi ya urefu wa bwalo letu. Wapigaji huanza kupotezana kuchelewa kukipita sehemu 25 au 30 za elfu.

Kwa muziki wa kwetu ni vibaya zaidi. Katika muziki wa Kiganda, wa ennanga na wa amadinda, sauti za upande mmoja hutumbukia katikati ya sauti za upande wa pili, kama meno ya misumeno miwili iliyokabiliana. Tuseme kila mmoja apiga mara nne kwa sekunde, mimi katikati yako. Sauti yangu yapasa ifuate yako baada ya sehemu 125 za elfu. Sasa intaneti ikiichelewesha kwa kiasi hicho hicho, itaangukia hasa juu ya sauti yako inayofuata, na wimbo wote umekufa. Nyimbo zile za vikundi tulizoziona kwenye video mwaka 2020, watu thelathini kila mmoja katika kijisanduku chake, hazikupigwa kwa wakati mmoja. Kila mtu alijirekodi peke yake akisikiliza kiongozi katika visikilizio vya masikioni, kisha fundi mmoja akaziunganisha.

Sasa naja kwenye shida ile niliyoisema, kubwa kuliko zote.

Ennanga ina shingo iliyopindwa kama upinde, na chini ya kila kigingi kuna pete iliyovikwa ngozi ya kenge. Pete hiyo huwekwa karibu sana na uzi, hata uzi ukitikisika hugusa magamba yale, na sauti hutoka pamoja na mvumo, kama nyuki walio ndani ya mzinga. Mgeni hudhani chombo kimeharibika. Lakini ndivyo kitakiwavyo. Pete ikisogea mbali na mvumo ukikosekana, mpigaji huirudisha karibu kabla hajaendelea. Programu za mikutano ya video, kwa upande wake, zimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Kila kitu kisichofanana na maneno, kama feni, mvua au gari, huhesabiwa kuwa kelele na kuondolewa. Kinubi chochote hupata taabu, kwa kuwa sauti yake hufifia polepole, na programu huukata mkia ule. Lakini mvumo wa ennanga huondolewa wenyewe, kwa makusudi kabisa. Tulijaribu kwa simu mbili katika vyumba viwili vya darasa, rafiki yangu akipiga ennanga ya mjomba wake nami nikisikiliza. Nilisikia ting, ting, kavu, mithili ya mtu agongaye glasi kwa kijiko. Hapo ndipo nilipomkumbuka Bunting na vinanda vyake.

Dawa ya hilo ipo. Katika programu nyingi kuna mahali pa kuchagua sauti iletwe kama ilivyo, bila kusafishwa. Ichague kabla ya kuanza. Iliyo bora zaidi ni kurekodi kwanza kwa kinasa sauti cha simu chenyewe, simu ikiwa imewekwa juu ya kitabu au nguo, si juu ya meza tupu, umbali wa mita moja na nusu hivi, kisha kupeleka ile rekodi.

Lakini sikio la mwamuzi halina mahali pa kuchagulia. Ennanga hukazwa kwa sauti tano zilizoachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na katika kinanda hazimo. Mtu aliyelelewa kwenye kinanda atasema imekazwa vibaya. Adungu imeponea hapo kwa sababu makanisa na shule zimekwisha kuizoeza ngazi ya kinanda, nayo husikika vizuri kwa wageni. Tuliwaandikia waandalizi wa mashindano fulani kuuliza kama vinubi vyetu vyaruhusiwa. Walijibu kwa adabu kwamba twaweza kuingia katika fungu la vinubi vinginevyo. Tuliposoma masharti tukaona kwamba fungu hilo lina ada sawa na mengine, ila halina zawadi. Wenzangu wengine wataka tuikaze ennanga upya kwa ngazi ya kinanda na kuziondoa pete, tuingie. Mimi nimekataa, na mabishano bado yaendelea. Adungu na ipelekwe, sina neno. Ila ennanga ikiondolewa mvumo na kukazwa upya, huyo mwamuzi atakuwa anahukumu chombo gani?

Tena ennanga imekwisha kufika ukingoni mara moja. Ilikuwa chombo cha ikulu. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilipoishambulia Lubiri ya Kabaka huko Mengo, wanamuziki walitawanyika na vyombo vikapotea, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa, zisirudi mpaka 1993. Aliyejulikana mno kwa ennanga kabla ya hapo ni Mzee Temutewo Mukasa, mpigaji wa Kabaka. Bahati nzuri Hugh Tracey alimrekodi katika safari zake za hapa za miaka ya 1950. Klaus Wachsmann naye, msimamizi wa Uganda Museum, alikusanya sauti za nchi nzima tangu 1949 hata 1954. Baadaye Albert Ssempeke, aliyekuwa mpiga filimbi wa Kabaka, alijifunza ennanga, akamfundisha mwanawe, na huyo amewafundisha vijana wengine. Ni kamba nyembamba sana, lakini haikukatika.

Ndiyo maana naona kwamba kwetu sisi kazi bora ya intaneti si mashindano, bali ni kusikiliza. Rekodi za Hugh Tracey zipo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, na nyingi zasikilizika kwenye intaneti. Rafiki yangu amejifunza wimbo mmoja kutoka kwa Mzee Mukasa kwa njia hiyo, akirudia vipande vya sekunde kumi kumi jioni baada ya jioni, na mvumo umo ndani ya rekodi, kwa sababu mashine za zamani zile hazikujua kusafisha. Rekodi za Wachsmann zilikuwa zikisikilizwa kwenye wavuti wa British Library ya London, mpaka mwezi wa Oktoba 2023 wavamizi wa kompyuta walipoiangusha mitambo ya maktaba hiyo, na sauti zile zikanyamaza. Lakini nakala zake zililetwa Makerere mwaka 2009, nazo zimo huko Kampala.